Mrejesho: vihisi vya faiba kwenye daraja la kompositi

Wakuu, nashukuru sana. Niliuliza kwa nini vihisi vya faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, tunazopimia mvutano) tulivyobandika chini ya daraja la waenda kwa miguu la kompositi (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi) vinaonyesha usomaji unaopanda mchana hata pasipo mtu juu yake. Mliosema ni joto mmepatia. Kihisi hurudisha mwanga wa urefu fulani wa wimbi, na kusogea kwa urefu huo ndiko tunakosoma. Kwenye mwanga wa nanomita 1550, ongezeko la nyuzijoto 1 huusogeza takriban pikomita 10. Maikrostreini 1 (mvutano wa sehemu moja kwa milioni ya urefu) huusogeza pikomita 1.2 tu. Jua peke yake linafunika uzito wa watu!

Tumeongeza kihisi kilicholegea ndani ya kijibomba, kisichovutwa na daraja, na usomaji wake tunautoa kwenye vingine. Kutanuka kwa daraja lenyewe bado kunaonekana, ila huko ni kwa kweli. Sasa mtu akipita, kilima chake kinaonekana wazi kwenye grafu. Kinachonipa wasiwasi ni pale faiba inapotokeza ukingoni mwa kompositi, maana ndipo hukatika kirahisi.