Kupatwa kwa mwezi kunajulikana miaka mia kabla, obiti za GPS mbona zinakosewa ndani ya siku moja?

KijanaWaUsa (Arusha):
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpima ardhi, bado mchanga kwenye fani. Juzi niliweka risiva ya masafa (frikwensi) mawili juu ya bikoni, alama ya upimaji, huku Usa River, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Besi ya karibu, yaani risiva ya pili kwenye pointi inayojulikana, sina, kwa hiyo nachakata kwa PPP: risiva moja, pamoja na mafaili ya obiti (njia) na saa za satelaiti kutoka IGS, huduma ya kimataifa inayofuatilia satelaiti hizo. Usiku ule ule nikapata jibu. Mwenzangu ofisini akachakata data hiyo hiyo kwa faili lililotoka baadaye, kimo kikashuka karibu sentimita 25!

Huko juu kilomita 20,200 hakuna upepo wala hewa. Mwezi nao unaizunguka dunia, na wataalamu wanakutajia utapatwa dakika gani miaka mia ijayo. Iweje washindwe kujua satelaiti itakuwa wapi kesho?

MangiWaMajengo:
Ionosfia hiyo mkuu, lile tabaka la juu angani lenye chaji linalochelewesha mawimbi. Tuko nyuzi 3 na ushee tu kusini ya ikweta, usihangaike na obiti.

MamaBikoni (Moshi):
Mangi, ionosfia ya ikweta inasumbua kweli, lakini vurugu zake kubwa ni baada ya magharibi. Huyu kapima mchana, tena kwa masafa mawili. Ukiyaunganisha, sehemu yake kubwa inafutika.

Mdogo wangu, mwezi unatabirika kwa sababu ni mzito mno, mwanga wa jua haufui dafu kwake. Satelaiti ya GPS ina tani moja au mbili hivi, na mabawa yake ya sola yanalifuata jua. Mwanga unayasukuma. Msukumo wenyewe ni kama sehemu moja ya milioni kumi ya mita kwa sekunde mraba, kitu cha kucheka, ila haupumziki. Ukiupuuza, siku moja tu obiti yako imeenda kombo zaidi ya mita 100. Mvuto wa dunia pamoja na tumbo lake la ikweta, mvuto wa mwezi na wa jua, hivyo vinajulikana vizuri. Kinachowatoa watu jasho ni mwanga. Kuukokotoa unatakiwa ujue umbo la satelaiti, kuta zake zinaakisi kiasi gani, zinatoa joto upande upi. Hata mawimbi ya redio inayoturushia yanairudisha nyuma kidogo!

Wale wa Chuo Kikuu cha Bern waliamua miaka ya 1990 kutokuhangaika na umbo. Wanaweka vigezo vichache vya msukumo, kisha data ya vituo vya ardhini inasema kila kigezo kiwe na thamani gani. Mimi naona ni akili kubwa, ila kwenye kutabiri unabeba vigezo vya jana ukiomba vifae kesho. Satelaiti ikianza msimu wa kupita kwenye kivuli cha dunia, ambako inaweza kukaa karibu saa nzima, msukumo unakatika na kurudi, na jana haifanani tena na kesho. Galileo, satelaiti za Ulaya, ndizo zilizowaumbua, nyepesi na zenye kiwiliwili kirefu. Mfumo wa Bern ukaboreshwa mwaka 2015, na kufikia 2017 Wazungu wenyewe wakatangaza vipimo na sifa za kuta za satelaiti zao. Wangefanya hivyo mapema!

Pamoja na yote hayo, obiti ya kutabiriwa ya IGS inakosea kama sentimita 5, kwa chombo kinachokimbia karibu kilomita 4 kila sekunde. Kwa hiyo sentimita 25 zako sizipeleki kwenye obiti. Ulitumia faili la saa ngapi?

KijanaWaUsa:
Shikamoo Mama. La saa sita mchana. Msaidizi wangu alilipakua ofisini, saiti hakuna mtandao.

MamaBikoni:
Marahaba. Basi jibu unalo mkononi. Mafaili hayo ya haraka hutoka mara nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Kila faili lina saa 24 zilizopimwa na saa 24 za utabiri, na kilichopimwa kinaishia saa tatu kabla ya faili kutoka. Lako linaishia saa tatu asubuhi. Risiva umeiwasha saa nne! Kazi yako yote imeangukia kwenye utabiri. Lile la jioni lingekufikisha saa tisa alasiri kamili.

Na kwenye utabiri, mkorofi ni saa ya satelaiti. Ni ya atomiki, lakini inayumba bila kuaga, wala haina kanuni ya mvuto ya kuibana. Saa zilizotabiriwa zinakosea kama nanosekunde 3. Mwanga hukata sentimita 30 kwa nanosekunde moja, piga hesabu mwenyewe. Kwenye saa za satelaiti zilizopimwa kosa halifiki sentimita 5.

GuideWaMarangu:
Samahani kuingilia. Saa yangu ya mkononi kila nikifika Uhuru inataja kimo tofauti, na kibao kinasema 5,895. Ni obiti?

MamaBikoni:
Hapana baba. Obiti inayotangazwa na satelaiti yenyewe hukosea kama mita moja. Yako ni ionosfia, namna saa inavyokadiria usawa wa bahari, na pengine kipima hewa kilichomo ndani. Hapo Mangi yuko sahihi, mpeni haki yake.

KijanaWaUsa:
Asante Mama. Sasa mteja hasubiri wiki mbili za faili la mwisho, lile sahihi kuliko yote. Nifanyeje?

MamaBikoni:
Hata usisubiri. Faili la kati, baina ya yale ya haraka na la mwisho, hutoka saa mbili usiku siku inayofuata, na tofauti yake na la mwisho ni ndogo kuliko kosa lako la kusimamisha miguu mitatu juu ya bikoni. Mteja akikukaba zaidi ya hapo, tafuta besi hata ikiwa Moshi huku. Kwa kilomita kama 55, obiti ikikosea mita nzima inakuletea milimita 3 tu, na kosa la saa za satelaiti linafutana kati ya risiva mbili. Ila uwe na muda wa kutosha juu ya pointi, maana kwa umbali huo ionosfia na mvuke wa hewani havifutani vyote.