Mtoto ana mdomo wazi hadi kaakaa: bima inalipa, na tuanzie wapi?

MamaIgoma
Wadau habari za jioni. Mtoto ana wiki tano, mpasuko umeanzia mdomoni kushoto ukaingia hadi kaakaa. Ana kilo 3.4. Baba yake ni mtumishi wa halmashauri, ana NHIF (bima ya afya ya taifa), ila mtoto hajaingizwa. Shemeji anashauri tukate bima binafsi haraka. Wengine wanasema bima hailipi maana huo ni urembo. Tushike lipi?

Kirumba_Mwaloni
Hongera kwa mtoto, dada. Bima binafsi iacheni kwanza. Mikataba mingi ina kipengele cha hali za kuzaliwa nazo: hazilipiwi, au kuna miezi ya kusubiri, au ukomo ni mdogo mno. Wakala hukufungulia ukurasa wa mafao. Wewe fungua wa visivyolipiwa.

Mshahara wa baba tayari unachangiwa asilimia 6, yaani 3 zake na 3 za mwajiri, kwa ajili yake, mwenza na wategemezi hadi wanne. Mwingizeni mtoto. Peleka tangazo la kizazi ofisi ya kata au kliniki mpate cheti. Kwa walio chini ya miaka mitano ni bure. Kagua jina la baba kabla hujaondoka dirishani. Cheti kikisoma Massanja na kadi ikasoma Masanja, fomu inarudi.

Nyuzi_na_Sindano
Hilo la urembo linatokana na karatasi kuandikwa vibaya. Rufaa ikisema tu "kurekebisha sura", anayepitisha kibali cha bima ana haki ya kuuliza. Iandikwe mpasuko wa kuzaliwa wa mdomo na kaakaa, na msimbo wa ugonjwa uwe Q37. Q36 ni mdomo peke yake, Q35 kaakaa peke yake. Fuateni ngazi: kituo chenu, Sekou Toure (hospitali ya mkoa hapa Mwanza), halafu Bugando (ya kanda). Ukiruka ngazi bila rufaa, mzozo unaanzia mapokezi.

Upasuaji ni miwili, kwa hiyo na vibali ni viwili. Mdomo hufungwa kuanzia miezi mitatu hivi, kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Kipimo cha zamani bado kinatumika: wiki 10, kilo 4.5, wingi wa damu (hemoglobini) gramu 10 kwa desilita. Chini ya hapo dawa ya usingizi inakuwa hatari zaidi. Kwa hiyo kazi yenu ya sasa ni uzito.

MamaIgoma
Asante sana. Shida ni kwamba hawezi kunyonya, na maziwa yanatokea puani.

Nyuzi_na_Sindano
Kaakaa likiwa wazi mdomo hauwezi kuvuta. Kamua, umpe kwa kikombe kidogo au kijiko, amekaa wima, ukimwagia pembeni ya shavu kidogo kidogo. Hesabu ni mililita 150 kwa kila kilo kwa siku: kwake ni kama 510, milo minane ya 64. Mcheulishe katikati ya mlo. Mlo ukipita nusu saa, anachoma nguvu nyingi kuliko anazoingiza. Apimwe kila wiki. Akikohoa au akibadilika rangi wakati wa kula, muwahisheni hospitali.

Nansio_Feri
Nyongeza kwa wanaosoma kutoka visiwani: CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii) inaishia hospitali ya mkoa, na Bugando ni ya kanda. Asiye na kadi aende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla ya tarehe ya upasuaji. Aulize pia kama kuna ufadhili wa Smile Train. Shirika hilo hulipia upasuaji huu kwenye hospitali linazoshirikiana nazo.

Pesa ya kuandaa ni ya nauli, chakula na malazi ya mama. Bima haigusi hizo. Wekeni na akiba ya safari ya pili, maana mtoto akifika na mafua au homa anarudishwa.

Kirumba_Mwaloni
Muulize pia afisa wa bima, na akujibu kwa maandishi, kuhusu mtaalamu wa kuongea, vipimo vya masikio na meno. Kaakaa wazi huleta maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kuongea hata kama mshono umepona safi.

MamaIgoma
Kesho asubuhi baba yake anaanzia ofisi ya kata. Hiyo "s" ya Massanja nitaihesabu mwenyewe.