Subaru STI (GRB), rimu za kiwandani: 255/40, 255/35 au 265/35?

Kona_Kitonga
Habari wakuu. Gari ni Impreza WRX STI, toleo la GRB, rimu za kiwandani inchi 18, upana inchi 8.5, ofseti 55 (milimita kutoka katikati ya rimu hadi inapofungwa), matairi 245/40R18. Kashata (vigongo vya uso wa tairi) zimefika mwisho, nataka kuongeza upana bila kugusa rimu. Ninazofikiria ni 255/40, 255/35 na 265/35. Gari linatembea Dar kila siku, na mara kwa mara Iringa kupitia kona za mlima Kitonga. Ipi itakaa vizuri?

Fundi_Rimu
Mkuu, piga hesabu ya kipenyo kwanza. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo 245/40 ina ubavu wa milimita 98. Zidisha kwa mbili, jumlisha 457 za rimu (inchi 18), unapata 653. Kwa njia hiyo hiyo:

255/40: ubavu 102, kipenyo 661 (imezidi asilimia 1.2)
255/35: ubavu 89, kipenyo 636 (pungufu asilimia 2.7)
265/35: ubavu 93, kipenyo 643 (pungufu asilimia 1.6)

Hiyo 265/35 iondoe kabisa. Imepangiwa rimu za inchi 9 hadi 10.5. Ukiibana kwenye 8.5, mbavu zinatuna, uso wa tairi unabinuka, na katikati inalika kabla ya pembeni. Kwenye kona ubavu unalegea na usukani unachelewa kuitika. Unalipia milimita 20 ambazo haziikamati lami ipasavyo. Hizo 255 zote mbili zinaruhusiwa kuanzia 8.5, ziko mpakani, lakini ndani ya kipimo.

Boksa_Turbo
Naongezea jambo la difu. STI inaendesha miguu yote minne na ina difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), kwa hiyo usithubutu kufunga pana nyuma peke yake. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kina cha kashata kikipishana kwa milimita 1 tu, mzingo tayari umepishana kwa 6.3. Nunua manne, chapa moja, muundo mmoja. Mawili mapya na mawili nusu yanailazimisha difu kusuguana hata barabara ikiwa imenyooka. Inapata joto na kuliwa mapema.

Lami_Moto
Mimi ningechukua 255/35. Kipenyo kikipungua gari linachomoka vizuri zaidi, na ubavu mfupi unaingia kona bila kuyumba.

Fundi_Rimu
Kwa uwanja wa mashindano nakubali, ndugu. Kwa matumizi aliyoyaeleza, hapana. Gari linashuka karibu milimita 9 na matuta yetu ni yale yale. Ubavu umepoteza milimita 9 pia, kwa hiyo shimo ambalo 245/40 ingelimeza linapinda rimu au kukata nyuzi za ubavuni, na hapo unaona tairi limeota uvimbe. Halafu aangalie namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba: 97 ni kilo 730 kwa tairi, 94 ni kilo 670. Asishuke chini ya iliyotajwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Kona_Kitonga
Basi nabaki na 255/40. Itagusa shokapu? Nifunge spesa (kipande cha kusogeza rimu nje)?

Boksa_Turbo
Pima kabla ya kulipa. Tairi la sasa likiwa limefungwa, ingiza vipande vya kadi kati yake na shokapu ya mbele mpaka vikaze, kisha pima unene wake. 255/40 itakula takriban milimita 4 upande wa ndani na 4 kwenda juu. Zikibaki 5 au zaidi, spesa ya nini? Spesa ya milimita 5 inainyima nati mizunguko minne ya nyuzi, kwa sababu stadi (bolti za kufungia rimu) ni M12x1.25, yaani kila mzunguko ni milimita 1.25. Ukilazimika, weka stadi ndefu na spesa yenye tundu la milimita 56.1 linalokaa sawasawa kwenye habu.

Fundi wa alaimenti akiongeza kemba hasi kwa bolti za chini ya shokapu, kichwa cha tairi kinalala kuelekea shokapu na nafasi uliyopima inapungua. Alaimenti kwanza, kupima baadaye.

Kashata_Mpya
Mnasahau mpira wenyewe. 245/40 yenye mpira laini na mifereji mizuri itaishinda 255 ya bei rahisi kila siku, hasa masika, maana tairi pana linaelea juu ya maji mapema zaidi. Kama fedha haitoshi kwa 255 nzuri, baki na 245. Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililokaa stoo miaka sita mpira umekuwa mgumu, hata kama kashata zinang'aa.

Fundi_Rimu
Naunga mkono. Upepo anza na wa kibandikoni, asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Chora mstari wa chaki kukata uso wa tairi, endesha mita mia kwa kunyooka, uangalie. Chaki ikifutika pembeni tu, ongeza. Ukishaongeza, ikifutika katikati tu, punguza kidogo lakini usishuke chini ya kibandiko. Baadaye pakia watu wanne, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, pita tuta polepole, kisha mulika tochi kwenye plastiki ya ndani ya fenda. Palipong'arishwa ndipo tairi linapogusa.