Maduka ya mbao na vifaa vya useremala: yalindwe kwa marufuku, au yapunguziwe mzigo?

Mtoa hoja, Dar es Salaam

Ndugu wachangiaji, naileta hapa hoja ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikizungumzwa vijiweni tu. Katika mitaa ya Temeke na Buguruni, maduka madogo yanayowauzia maseremala mbao, gundi, msasa, bawaba, vitasa, randa na patasi yanazidi kupungua, na mengi ya yaliyobaki yamegeukia rangi na vigae, kwa sababu faida ya vifaa vya useremala peke yake haifikii hata kodi ya fremu. Wapo wanaotaka serikali ipige marufuku samani zinazoagizwa kutoka nje, ili mafundi wapate kazi na maduka yapate wateja. Je, hiyo ndiyo dawa?

Mimi naona siyo. Ulinzi wa forodha upo tayari: tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kundi la nne la ushuru wa pamoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, la asilimia 35, na samani zimewekwa humo. Samani iliyobeba ushuru wa namna hiyo na bado ikamvutia mteja kuliko kabati la mafundi wa Keko, hapa Dar es Salaam, haishindi kwa bei peke yake. Inashinda kwa sababu inapatikana siku hiyohiyo, viti mia moja vinafanana, na muuzaji anatoa risiti ambayo mhasibu wa ofisi anaihitaji.

Jambo la pili ndilo ninaloliona kuwa kiini. Duka linategemea ukubwa wa kazi anayoipata fundi. Fundi mwenye kazi ya meza arobaini huingia dukani kununua mbao za mbili kwa nne kwa wingi, maboksi ya skrubu na makopo ya vanishi. Akiikosa kazi hiyo anabaki na kitanda kimoja cha jirani, na ananunua mbao chache, misumari robo kilo na karatasi moja ya msasa. Mwenye duka ameshalipa fremu ya miezi sita, leseni ya biashara na usajili wa mfanyabiashara wa mazao ya misitu, naye anasubiri hiyo robo kilo ya misumari. Ndiyo maana naona pa kuanzia ni fedha za umma: madawati, makabati ya ofisi za kata, milango ya madarasa. Mwaka 2016, baada ya elimu bila ada kuanza na wanafunzi kufurika shuleni, nchi nzima iliingia katika kampeni ya madawati na kazi ikafika hadi kwa mafundi wa wilayani. Inasikitisha kwamba tuliiacha ikawa kampeni ya msimu badala ya kuifanya utaratibu wa kila bajeti.

Mwenye duka, Temeke

Nakubaliana na mtoa hoja kuhusu ukubwa wa kazi, lakini amelipita jambo ambalo sisi tulio nyuma ya kaunta tunaliona kila siku, nalo ni mali kauli. Fundi hana mtaji. Mteja akimpa malipo ya awali, sehemu inakwenda kwenye ada ya mtoto au dawa ya mzazi, na mimi sina moyo wa kumlaumu kwa hilo. Anakuja dukani na kuniomba mbao na vifaa kwa kauli, akiahidi kulipa akikabidhi kazi. Mimi nilivichukua kwa muuzaji wa jumla Kariakoo kwa fedha taslimu, au kwa muda mfupi sana wa kulipa. Mteja wake akichelewesha, hasa akiwa taasisi, deni linabaki kwenye daftari langu.

Wengi wasichokijua ni kinachofuata. Fundi anayedaiwa huona haya kupita mbele ya duka. Siku akipata fedha mkononi, ananunua duka la mtaa wa pili ambako hadaiwi. Mimi nimepoteza deni na nimempoteza mteja, na jirani yangu amepata mauzo ya taslimu ambayo kesho yatageuka kuwa mali kauli kwake pia. Wenzangu kadhaa walijaribu kuziba pengo hilo kwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, na maduka yao leo ni saluni na vibanda vya kutuma fedha. Dalili za mwisho hazijifichi: kwanza zinakosekana reli za droo, kisha skrubu za inchi mbili, kisha fundi anazoea kupanda daladala kwenda maduka ya mtaa wa Gerezani hata kwa kitu ambacho mimi ninacho.

Kwa hiyo nauliza: fedha za umma zikija zimechelewa, zitaniokoa mimi au zitanizamisha haraka zaidi?

Fundi, Keko

Kaka wa Temeke amesema kweli kuhusu aibu ya deni, lakini asitubebeshe sisi mafundi lawama yote. Tunaondoka pia kwa sababu ya ubora. Nimenunua patasi ambayo makali yake yalikunjika kwenye mninga siku ya kwanza, na skrubu ambazo kichwa kinakatika kabla hazijaingia nusu. Mbao za paina zinaletwa mbichi: unapiga randa vizuri, unaunga, unapaka vanishi, na baada ya wiki mbili mlango wa kabati umepinda na mteja yuko mlangoni anadai fedha zake. Hasara hiyo haimgusi mwenye duka.

Kuhusu marufuku, mimi naiunga mkono kwa muda, tuseme miaka mitatu. Ushuru wa asilimia 35 ni wa kwenye karatasi ikiwa mzigo unathaminiwa chini ya bei yake bandarini. Tupeni nafasi ya kupumua, tununue mashine za kuranda na kukata, halafu soko lifunguliwe.

Mkulima wa miti, Mufindi

Nijibu kuhusu mbao mbichi, kwa maana zinatoka kwetu. Paina inahitaji miaka kama 18 hadi 25 ndipo itoe mbao ngumu ya kutosha. Mkulima mdogo hasubiri. Ada za shule zikibana anauza shamba miti ikiwa bado ya miaka kumi, mnunuzi analeta dingidong, mashine ndogo ya kupasulia mbao, shambani, mti unapasuliwa papo hapo kwa upotevu mkubwa, na mbao zinapakiwa zikiwa bado zinatoa maji. Kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 580, na kila siku gari linaposimama njiani kukaguliwa kibali cha kusafirisha ni fedha, kwa hiyo hakuna anayekubali kuziacha mbao zipangwe kivulini miezi miwili zikauke.

Mbao ya samani za ndani inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Kufikia hapo kwa haraka kunahitaji tanuri la kukaushia, na wafanyabiashara wadogo wengi hawana. Kiwanda cha plaiwudi kinalo, na ndiyo maana bidhaa yake inatulia ukutani wakati mbao yetu inapinda. Ningeshauri mjadala huu uzungumzie tanuri la pamoja la kukodi, pale Mafinga au pale Buguruni, kabla ya kuzungumzia forodha.

Mnunuzi, Dodoma

Nitasema kwa ufupi upande wa sisi tunaonunua. Niliagiza kabati kwa fundi, nikalipa zaidi ya nusu, nikaahidiwa wiki mbili, nikalipata baada ya miezi kadhaa, tena droo hazifungi. Safari iliyofuata nilinunua lililotoka nje. Marufuku itanilazimisha kurudi kwa fundi huyohuyo bila yeye kulazimika kubadilika.

Mchangiaji, Mbagala

Mbona hamjataja amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za rejareja? Wazawa wakiachiwa soko la vifaa, maduka haya yatainuka yenyewe.

Mfanyabiashara wa mbao, Nairobi

Ndugu zangu, chukueni somo letu. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo ziliongezwa tena na tena hadi zikawa miaka, na ni Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo, na uamuzi huo wa kuiondoa ukapingwa mahakamani. Nia ya kuihifadhi misitu ilikuwa njema. Lakini katika yadi za Gikomba bei ilipanda, sisi wadogo tukaanza kutafuta mbao Tanzania, Uganda na Kongo, na asiyekuwa na fedha za kulipa mzigo wa kuvuka mpaka alifunga. Marufuku ya muda mfupi haina anayeisimamia iishe kwa wakati. Fundi wa Keko anaomba miaka mitatu. Nani atamhakikishia kwamba haitakuwa kumi, na kwamba mwenye mtaji mkubwa hatapata msamaha wake mlango wa nyuma?

Afisa ununuzi mstaafu, Morogoro

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 haimzuii fundi. Asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi imetengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao. Kikwazo ni namna tunavyoziandaa zabuni. Halmashauri inakusanya samani za shule zote katika zabuni moja kubwa, na hapo anayeshinda ni mfanyabiashara mwenye ghala, si seremala. Kuivunja zabuni kwa siri ili kukwepa ushindani ni kosa, lakini kuigawa katika mafungu ya kata kwa kata ndani ya tangazo moja ni halali, na vikundi vya mafundi vinaweza kumudu fungu dogo.

Mtoa hoja

Kwa ndugu wa Mbagala: amri ile imegusa nani asimame kaunta, lakini haigusi ukubwa wa kazi ya fundi wala unyevu wa mbao. Duka la mzawa lenye daftari la madeni yasiyolipika linafungwa vilevile.

Kwa fundi wa Keko: kama mizigo inathaminiwa chini ya bei yake, tudai uthamini wa haki kwa bidii yote, maana sheria hiyo tunayo tayari. Na swali la mwenye duka wa Temeke ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Napendekeza mkataba wa kila fungu utaje duka litakalotoa vifaa, na fedha za vifaa zilipwe moja kwa moja dukani siku mbao zinapopokelewa na kukaguliwa, na fundi alipwe ufundi wake anapokabidhi kazi. Mnunuzi wa Dodoma naye aone tarehe ya kukabidhi imeandikwa, pamoja na makato ya kuchelewa.

Mwenye duka, Temeke

Mkataba wa namna hiyo ningeusaini, kwa masharti mawili. Mkaguzi aje na kipimo cha unyevu, ili mimi nipate sababu ya kukataa mbao mbichi kwa aliyeniletea. Na mbao zikishakubaliwa, malipo yasizidi siku 30, kwa sababu muuzaji wangu wa jumla hanipi zaidi ya hapo.