Napiga vyombo vya jikoni picha nyeusi na nyeupe, zinatoka kijivu tupu, nakosea wapi?

mtoto_wa_kivuli
Wakuu habari za jioni. Nina wiki ya tatu napiga picha vitu vya hapa hapa ndani, hela ya kuzunguka sina na modo wa kunisimamia sina, basi nimeanza na ungo, birika, masufuria, simu ya kawaida tu. Shida ni kwamba kwenye rangi inapendeza, ila nikiitoa rangi inakuwa kama imemwagiwa jivu mwanzo mwisho. Jana usiku nimepanga nyanya na hoho kwenye ungo, kwa rangi ilikuwa tamu balaa, nikageuza, zote zikawa kitu kimoja, wife akachungulia akaniuliza "hivyo viazi umevipiga vya nini?" Taa yangu iko katikati ya dari na flashi nawasha. Msaada jamani.

fundi_giza
Hahaha viazi. Mkuu zima flashi leo leo. Flashi inatokea pale pale lilipo jicho la simu, kwahiyo kivuli chote kinajificha nyuma ya kitu na kitu kinabaki bapa kama chapati.
Nyanya na hoho nazo, ile nyekundu na ile kijani zinatofautiana kwa rangi tu, mng'ao wake unakaribiana sana, ukitoa rangi hakuna kilichobaki cha kuzitenganisha. Piga kwa rangi kwanza, usipige nyeusi na nyeupe moja kwa moja, halafu ingia Snapseed, ile app ya kuhariri picha, pale kwenye nyeusi na nyeupe kuna vichujio vya rangi. Gusa chekundu nyanya inapauka hoho inazama kwenye weusi, gusa cha kijani inakuwa kinyume chake. Wazee wa filamu walikuwa wanafunga kioo chekundu mbele ya lenzi, ni kitu hicho hicho.

mama_pacha
Mi napiga saa mbili asubuhi, dirisha moja tu, mengine nashusha pazia. Nilikuwa na mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu bibi, nimeipiga kwa mbele mara kibao inatoka kigoda tu. Siku moja nikaigeuza ubavu dirishani, we! kila jino likatupa kivuli chake kwenye sakafu, na pale kwenye mbao alipokuwa anakalia pameng'aa kama pamepakwa mafuta. Kwa rangi sikuwahi kupaona kabisa maana macho yalikuwa yanakimbilia kanga iliyokuwa nyuma. Upande wa giza ukizidi simamisha karatasi nyeupe ya A4, inarudisha mwanga kidogo, usiweke kubwa utaua kivuli chote.

kibatari
Hoho usiidharau mkuu. Kuna Mmarekani Edward Weston, mwaka 1930 alipiga hoho moja tu, akaiweka ndani ya faneli ya bati, mwanga ukawa unadunda ukutani mle ndani na kuizunguka ile hoho, mpaka leo watu wanaiona kama mgongo wa mtu. Inaitwa Pepper No. 30, sasa piga hesabu mwenyewe alirudia mara ngapi. Wewe umepiga moja unalalamika.

shangazi_mkali
Napinga kidogo. Siyo kila kitu cha kutoa rangi. Kanga ukiitoa rangi umebakiza jina tu.

mtoto_wa_kivuli
@shangazi_mkali hapo sina ubishi.
Mrejesho wakuu. Leo asubuhi nimezima flashi, nimekaa na dirisha, ungo nimeusimamisha ukutani mwanga ukawa unaukwaruza kwa ubavu, aisee kila ukindu unaonekana, hadi ule ulioliwa na panya. Nyanya nimeigusia kichujio chekundu, wife safari hii kasema nyanya bila kuulizwa. Sasa nimehamia sufuria jipya la bati, limetoka safi lakini pembeni kuna doa jeupe kama yai, nimehangaika kulifuta, nikavuta karibu kumbe ni mimi, fulana ya njano na simu mkononi.

fundi_giza
Vaa nyeusi mkuu, simu iegemeze kwenye stuli, weka taima ujibanze nyuma ya mlango. Au chukua lile sufuria la zamani lililosuguliwa na mchanga, halioneshi sura ya mtu.