Harusi ya watu 22 Cetara, Italia: nataka jua lizame baharini

BintiNgomeni:

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mtoto wa Ngomeni ya Malindi, nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ndogo Watamu. Mchumba wangu ni Mwitaliano wa Cetara, kijiji cha wavuvi karibu na Salerno. Na kabla hamjaanza: si mzee. Ana miaka 36, ni fundi wa injini za mashua, na tulijuana kwa sababu ya injini. Ni hadithi ndefu.

Tumekubaliana kufunga ndoa kwao, Septemba mwakani. Watu 22, basi. Kwetu watakuja mama, mjomba, dada yangu na mwanawe wa miaka saba. Mama amekubali shingo upande. Kamati ya harusi ilikuwa imeshaundwa kabla mimi mwenyewe sijaambiwa, ina mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp la watu 140. Nikasema michango irudishwe kwa wenyewe. Mwenyekiti hajanisemesha tangu Jumapili.

Naombeni msaada wa mambo matatu. Makaratasi kwanza. Mwenzangu anasema ni rahisi, lakini yeye kila kitu ni rahisi mpaka kiharibike. Kiitaliano changu ni cha mapokezi: naweza kumweleza mgeni kwamba maji ya moto yatarudi saa kumi, zaidi ya hapo nababaika.

La pili ni mama. Hajawahi kupanda ndege, hana hati ya mshahara, ana shamba la mikorosho na mbuzi. Viza ataipataje?

La tatu msinicheke. Nataka tuapishwe mchangani, jioni, jua likizama baharini. Nimezaliwa kando ya maji na sijawahi kuliona jua likizama majini. Kwetu linachomoza baharini halafu linakwenda kufia huko Langobaya, nyuma ya miti. Babu yangu aliwavusha kwa mashua Waitaliano wa San Marco, kile kituo chao cha roketi baharini kwetu, miaka ile wakirusha roketi, na wao ndio waliomwambia kwamba kwao jua huzama baharini. Akanisimulia nikiwa mdogo, sijasahau.

Kikwazo: nonna wake, yaani bibi yake, ana miaka 88. Hapandi boti, na hatoki Cetara.

MtangaSalerno:

Hongera dada. Mimi ni wa Tanga, niko Salerno mwaka wa kumi na moja sasa, jikoni, na mke nimemwolea hukuhuku. Kwa hiyo ngazi za hizo ofisi nimezipanda kwa miguu yangu.

Shika neno moja: nulla osta. Ni karatasi inayosema kwamba kwa sheria ya kwenu hakuna kizuizi cha wewe kuolewa. Inadaiwa na kifungu cha 116 cha sheria yao ya kiraia, na kwa Mkenya inatolewa na ubalozi wa Kenya ulioko Roma. Ubalozi nao hauandiki kwa sababu una sura nzuri. Anza Nairobi kwa Msajili wa Ndoa, upate cheti cha kutokuwa na kizuizi, ukiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Nulla osta ikitoka, sahihi ya ubalozi inathibitishwa Prefettura, ofisi ya serikali kuu mkoani, na hapo unabandika stempu ya euro 16, inaitwa marca da bollo. Stempu hiyo usiitafute posta. Inauzwa kwa muuza sigara. Nilizunguka nusu siku kwa kutojua hilo.

Halafu kagua majina, herufi kwa herufi. Cheti changu cha kuzaliwa kilianza na jina langu, pasipoti ikaanza na la baba. Karani akayatazama yote mawili, akanirudishia kwa upole kabisa. Siku ile nilirudi kazini kuvaa aproni, na harusi ikasogea wiki saba. Ukumbi nilikuwa nimeshaulipia.

Kwa kuwa mwenzio ni mkazi wa Cetara, lazima kuwe na tangazo, pubblicazioni. Majina yenu yanawekwa hadharani siku nane, siku hizi kwenye tovuti ya mji, na ndoa haifungwi kabla ya siku ya nne tangu tangazo limalizike. Mkikaa mpaka siku 180 zipite, mnarudi mwanzo. Msitangaze mapema kwa furaha halafu viza zikawachelewesha.

Kiitaliano cha maji ya moto hakitakutosha. Afisa anawasomea kwa sauti vifungu vya 143, 144 na 147: uaminifu, kusaidiana, kuishi pamoja, kulea watoto. Akiona huelewi anataka mkalimani, na ni haki yake. Mashahidi ni wawili. Pia utaulizwa habari ya mali, comunione au separazione, yaani ya pamoja au kila mtu na yake. Mkinyamaza, sheria inawachagulia comunione, kwamba mtakachochuma baada ya ndoa ni chenu wote wawili. Lizungumzeni nyumbani, mkishiba. Mke wangu alinigeukia mbele ya afisa akaniuliza "tumesemaje vile?" na wakwe wote wakasikia.

Ufuoni sasa. Fukwe za huku ni mali ya serikali, na watu wa viti na miavuli wanakodi vipande. Ndoa ya kisheria inafungwa ofisi ya mji, Comune, au mahali ambapo Comune imepatenga rasmi kwa kazi hiyo. Miji mingine imetenga hata kipande cha mchanga, mingine haitaki kusikia. Aende akaulize kwa mdomo, aulize na bei, maana kila mji una yake na mkazi mara nyingi hupunguziwa. Sherehe ya ishara tu, isiyo na cheti, mnaweza kuifanyia popote mwenye mahali akiridhia.

Nimeliacha la jua mpaka mwisho kwa sababu naona haya kukuambia. Cetara imekaa kwenye korongo, mlima uko mgongoni, na uso wake unatazama mashariki na kusini. Jua linawakimbia mapema, linaingia nyuma ya mlima huku mchana wa wenzao bado unaendelea. Machweo ya baharini hapo hakuna. Dada, umetoka Malindi ukaenda kuchumbiwa Malindi nyingine.

Ukitaka jua liingie majini kweli, nenda Forio, upande wa magharibi wa kisiwa cha Ischia, pale penye kanisa jeupe la Soccorso juu ya rasi. Au shuka mpaka Tropea, Calabria, ambako hewa ikiwa safi unaiona na Stromboli, kile kisiwa cha volkano, kwa mbali. Ila Forio ni boti kutoka Napoli, na bibi umeshasema hapandi.

NyakioMonopoli:

Naongezea kidogo. Sisi wote wawili ni Wakenya, tunaishi Uingereza. Tulikwepa makaratasi yote hayo: cheti tulichukua kwa msajili nyumbani, kisha Monopoli, kule Puglia, tukafanya sherehe ya ishara ya watu 30. Wewe usituige, kwa sababu mwenzio ni Mwitaliano na Comune iko mlangoni kwake. Lakini machache niliyojifunza ni haya.

Upepo. Siku yetu ilivuma scirocco, upepo wa joto kutoka Afrika, na shela yangu ikamfunika mpiga kinanda. Kila mahali mnapopanga kukaa nje, ulizeni mapema mtaingia wapi hali ya hewa ikigeuka, na muandikishiane. Agosti msiguse hata kwa bahati mbaya, hasa tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko ufukweni. Septemba umechagua vyema, bahari bado ina joto. Viatu vya kisigino kirefu viache Watamu.

Viza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 analipa 45. Umehesabu watu wanne wa kwenu, lakini bibi harusi hujajihesabu! Mama, mjomba, dada na wewe ni 360, mtoto 45, jumla 405, na mkinyimwa hazirudi. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 kwa kila mmoja. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo mkae tayari mwezi Machi.

Mama mkwe wangu ni mkulima kama mama yako. Tulipeleka hati ya shamba, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, barua ya chama chake cha akiba, barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wa Italia, na barua fupi aliyoiandika mwenyewe akieleza ni nani atakayekamua ng'ombe akiwa safarini. Hiyo ya ng'ombe nilitaka kuitoa. Mume wangu akakataa, akasema ndiyo pekee inayoonyesha kwamba mama ana haraka ya kurudi. Akapata viza. Mbuzi waandikeni.

ShangaziKaloleni:

Mwanangu BintiNgomeni, hongera sana. Nimestaafu ukarani wa mahakama, kwa hiyo nivumilie. Umeeleza habari ya kamati, hujaeleza habari ya kadzama, tembo la mnazi la kuposea. Mnazi umepelekwa kwa wazee au bado? Na kama umepelekwa, umefika wapi?

Nauliza kwa sababu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na nyingine, na inasajiliwa. Mila zikikamilika kwenu Ngomeni, wewe tayari ni mke wa mtu. Sasa utakwendaje kwa Msajili Nairobi kutafuta cheti cha kwamba hujaolewa? Nimeona wasichana wakikwama hapo, na si kwa ubaya, ni wajomba tu walikuwa na haraka ya kumaliza mnazi. Posa na ipokewe, heshima itolewe, lakini mwambie mjomba ule mwisho wa mambo usubiri mrudi.

Mwenyekiti wa kamati mpe kazi. Mtu aliyezoea kuongoza watu 140 hawezi kukaa bure. Atengeneze karamu ya kuwapokea mkirudi, na michango iingie huko badala ya kurudishwa. Kumrudishia mtu mchango wake ni kama kumfungia mlango.

Hilo la jua, mimi sijafika Italia. Ila wavuvi ni wavuvi. Waulize wa huko wanarudi pwani saa ngapi. Bibi wa miaka 88 jioni yuko kitandani, wala si wa kuketishwa mchangani na umande. Asubuhi ndiyo saa yake.

BintiNgomeni:

Asanteni nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika siku mbili. Si nanyi, na ule mlima.

Nilimpigia mchumba nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kwao jua halizami baharini. Akanijibu: "Hukuuliza, ulisema unataka jua na bahari, vyote vipo." Fundi wa injini huyo.

Shangazi, kadzama ya kwanza imekunywewa, ya pili ilikuwa ipelekwe Desemba. Nimemwambia mjomba isubiri. Alinuna mpaka nilipomtajia mahakama. Mwenyekiti amepewa karamu ya kurudi, na sasa ananisemesha kupita kiasi. Ameniuliza rangi ya vitambaa vya meza mara nne.

Tumekubaliana saa nne asubuhi. Comune kwanza, na nonna atakuwa kiti cha mbele, kisha mguu mpaka chini bandarini. Mchumba anasema saa hiyo jua liko juu ya maji na linakupiga usoni. Nikamwambia hilo nalijua, nimeamka nalo miaka 29. Chakula ni tambi na colatura, yale maji ya dagaa wao waliotiwa chumvi, ndiyo fahari ya kijiji na yana alama ya DOP, ile ya kulinda asili ya chakula, tangu 2020. Nilipoyaonja mara ya kwanza nilisema yananuka kama ng'onda wa kwetu, na nonna alipotafsiriwa akacheka sana. Kila mgeni ataondoka na kichupa chake badala ya vile visanamu vya kauri, pamoja na lozi tano za sukari. Tano ni lazima, nimeambiwa.

Baada ya siku mbili, wageni wakishaondoka, mimi na yeye peke yetu tunakwenda Forio. Mama nilipomweleza akaniuliza: "Hilo jua likiingia majini, linalia shii kama chuma cha mhunzi?" Nimemwahidi nitamrekodia.

Swali la mwisho. Nataka kumpa nonna leso. Dada amechagua iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", lakini siku ile mgeni ni nani, si ni mimi? Nikimpa yeye si nitakuwa najisifu?

MtangaSalerno:

Mpe hiyohiyo, hatajua kusoma. Na ukija nikumbuke kwa pakiti mbili za iliki, za huku ni bei ya dhahabu.

ShangaziKaloleni:

Atasomewa, msimfundishe mtoto ujanja. Leso ni pea, mwanangu. Mkate katikati: kipande kimoja mfunge nonna mabegani pale bandarini, asubuhi kuna upepo, na kingine jifunge wewe. Na upinde pindo zote mbili kabla hujasafiri.