Nataka kuhamia Lushoto jumla na familia, naombeni ushauri

Nimechoka_Jiji:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tano, mdogo chekechea. Tunaishi Dar, Mbagala. Mwaka huu kazini wamepunguza watu na mimi nikawemo, changu nikapewa, si nyingi ila si haba. Nimekaa nimewaza nimeona hili jiji basi, joto, foleni, ukiamka kitu cha kwanza unawaza nauli. Nataka kuhamia Lushoto, sio kutembea, kuishi. Kuna jamaa yangu wa kule alinipeleka, tumeshuka stesheni asubuhi ukungu bado umekalia bonde, yale majengo ya Wajerumani, miti mikubwa barabarani, mtu hakujui lakini anakusalimia, nikasema moyoni hapa ndo pangu. Maswali yangu: watoto wataiweza baridi? Shule zikoje? Na mtu wa kawaida anaweza kuishi kwa kulima mboga na vyumba viwili vitatu vya wageni? Naombeni mawazo ya kujenga.

Karafuu Kavu:
Mkuu usiulize mara mbili, nenda. Mimi nilikula mapichi na mapeasi ya kule hadi nikasahau kilichonipeleka. Ukifika panda Irente pale kwenye mwamba uangalie tambarare yote ya chini, Mazinde kule, mashamba ya mkonge, utalia mwenyewe.

Ngosha wa Igoma:
Baridi sio tatizo kama una mke 😂

Mtoto wa Shume:
Onga mshi mleta mada. Nimezaliwa huko huko kwahiyo nisikilize. Baridi ipo ila haiui mtu, mji uko kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, Juni na Julai sweta utalivaa mpaka kitandani, ukipanda juu Magamba au kwetu Shume ndo zaidi. Watoto watazoea kabla yako. Shida ni ardhi. Lushoto watu ni wengi na milima haiongezeki, mtu ana kipande kule juu cha mahindi, kingine bondeni cha mboga, vimerithiwa toka kwa babu vimegawanywa vimegawanywa tena. Na kipande cha bondeni ndo roho ya familia maana kiangazi maji yapo. Ukiona mtu anakuuzia cha bondeni haraka haraka uliza kwanza ndugu zake wako wapi. Halafu barabara, toka Mombo kupanda ni lami kama kilomita 33 hivi, kona tupu, huku mwamba huku korongo, masika udongo ukishuka gari hazipiti na kabichi zako zimo ndani ya gari. Hilo la kulima lihesabu vizuri.

Na historia isianzie kwa Mjerumani na Wilhelmstal yake, jina alilouita mji wa Lushoto. Kulikuwa na Vugha, makao ya Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai alitawala toka milima ile mpaka pwani. Ukija kuishi na watu jua hilo.

Fuso Tandam:
Huyo wa Shume kasema kweli tupu. Mimi nimebeba sana karoti na kabichi toka Soni kupeleka Kariakoo. Mkulima anakupa mzigo alfajiri ana furaha, unafika Ilala kumbe na Iringa wameshusha, bei imekufa, unampigia simu hapokei anajua kinachofuata. Kuna mama mmoja wa Soni nilikuwa namchukulia hoho, yule alikuwa na akili, analima kidogo kidogo kila wiki anavuna, hajawahi kunililia. Breki za gari langu zilikuja kunifia kwenye zile kona za chini kuelekea Mombo, namshukuru Mungu niliegesha ubavu kwenye mwamba upande wa ndani. Ingekuwa upande ule mwingine nisingekuwa naandika hapa.

Bint Pangani:
Mleta mada umetaja watoto, umetaja jamaa yako, umetaja mpaka ukungu. Mkeo anasemaje?

Nimechoka_Jiji:
@Fuso Tandam asante sana kaka, hapo kwenye hoho na karoti nimekuelewa. Vipi intaneti, kuna mtu anafanya kazi za mtandaoni akiwa kule?
@Bint Pangani mama watoto hana tatizo na milima, wazazi wake asili ni watu wa Muheza.

Bint Pangani:
Sijauliza kuhusu milima kaka yangu. Anajua kama mnahama?

Ngosha wa Igoma:
Hapa ndo uzi unaanza, ngoja nilete kiti.

Mzee wa Kwamndolwa:
Vijana mnakimbilia kulima milimani hamjui ule udongo una historia yake. Baba yangu alikuwa anatusimulia miaka ya 1940 na 50 serikali ya mkoloni ilivyowalazimisha Wasambaa kuchimba matuta, kule Mlalo mradi ulianza 1946, ukikataa unashtakiwa, na kina mama ndo waliumia migongo. Watu waligoma mpaka wakoloni wakaacha. Ukilima mteremko bila makingamaji mvua ya mwaka mmoja tu inakuhamishia shamba kwa jirani wa chini. Kinachoniuma ni kwamba matuta yenyewe yalikuwa na faida, tatizo kiboko.

Nimechoka_Jiji:
Naona mmenishikia bango kwa mke basi ngoja niseme. Hajajua bado. Anajua tunaenda likizo. Ana biashara ya vitenge Rangi Tatu na wateja wake, nikimwambia mapema atakataa kabla hajapaona, namjua. Nilitaka afike aone nyumba na shamba viko tayari. Shamba nimeshapata, liko bondeni, mto unapita kabisa pembeni, nimeshatoa nusu ya pesa. Hiyo nusu imetoka kwenye advansi ya nyumba ya Mbagala, kuna mtu anainunua, tumeshaandikishana kwa mjumbe na mashahidi. Nyumba hati ina jina langu na nilijenga kwa jasho langu kwahiyo sijaiba kitu cha mtu. Nafanya hivi kwa ajili yao. Nimeona watoto wangu wanavyokohoa kwa vumbi na moshi huku.

Shangazi Chumbageni:
Mwanangu. Mwanamke amelala ndani ya nyumba imeuzwa? Anafagia uwanja wa mtu mwingine asubuhi hajui? Siwezi kuongeza neno.

Kanzu Nyeusi:
Mkuu nakujibu kisheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, nyumba ya familia huwezi kuiuza, kuikodisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi wako wakati ndoa ipo, hata kama hati ina jina lako peke yako. Mkeo anaweza kuweka zuio na kwenda mahakamani, na huyo mnunuzi naye ataingia kwenye kesi akidai pesa yake. Karatasi ya mjumbe haifuti hilo. Kaeni chini watatu, wewe, mkeo na mnunuzi, kabla pesa nyingine haijapita mkononi.

Mtoto wa Shume:
Na mto pembeni kabisa maana yake nini? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Vyumba vyako vya wageni utavijenga wapi? Na aliyekuuzia ni mmoja au ukoo mzima umekaa? Halmashauri ya kijiji imekaa? Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mgeni gizani.

Nimechoka_Jiji:
Muuzaji ni kaka mkubwa, alisema wadogo zake wako Tanga na Mombasa hawana shida. Watu wote pale wanalima mpaka ukingoni na hakuna anayewagusa. Mnaongea kama vile mimi mtoto.

Jicho la Tatu:
Samahani wakuu, hii chai. Lushoto hakuna reli, treni inapita chini Mombo. Yeye kashuka "stesheni" na ukungu bondeni. ID ina wiki moja. Subirini kidogo ataweka namba ya simu, viwanja Lushoto bei poa.

Karafuu Kavu:
Duh kweli stesheni ya wapi? Mimi nilishatoa ushauri kwa moyo wangu wote.

Fuso Tandam:
Madalali wana mbinu siku hizi, anaanza kwa kukulilia.

Nimechoka_Jiji:
Nilimaanisha stendi! Tulilala Mombo tukapanda na Hiace alfajiri. Sina kiwanja cha kumuuzia mtu, mimi ndo nimeuziwa.

Jicho la Tatu:
Taja kitongoji tukuamini.

Nimechoka_Jiji:
Sitaji, jamaa aliyenipeleka yumo humu na muuzaji ni mjomba wake.

Bint Pangani:
Chai au sio chai, kuna mtu anasoma hapa ana shida hiyo hiyo. Kaka kama ni kweli, umesema aliyekupeleka shamba ni mpwa wa muuzaji. Hilo ulikuwa hujalisema. Nani mwingine alikuwepo upande wako?

Nimechoka_Jiji:
Hakuna, nilikuwa peke yangu.

Kanzu Nyeusi:
Mnunuzi wa nyumba anamalizia lini?

Nimechoka_Jiji:
Jumatatu. Mke yuko Muheza kwenye harusi ya mdogo wake, anarudi Jumapili.

Mtoto wa Shume:
Muheza mpaka Mombo sio mbali. Mfuate huko huko kesho, mwambie, mpande wote muone hilo shamba na mtafute mwenyekiti wa kijiji mbele ya huyo kaka mkubwa. Mnunuzi mpigie leo mwambie Jumatatu haipo.

Nimechoka_Jiji:
Mnunuzi nimempigia sasa hivi, kakasirika ila kakubali wiki mbili. Mke nitamwambia nikifika, kwenye simu siwezi.